Ukuta ya Gredi Foo

Mimi sijawahi kalia dawati, lakini niko na miaka mingi ya shule, na yote nilisoma na mgongo. Mgongo yangu ilikuwa kwa ukuta. Nasema hivi na binti yangu anaandika, na kila saa ananikatiza: "Mami, hiyo tusiweke." Weka.

Mimi ni mpishi wa shule moja hapa juu ya Nyeri, ile barabara ya kupanda mlima. Jiko ya kwanza ilikuwa imeegemea nyuma ya gredi foo, darasa ya nne: bati, mawe makubwa ya moto, sufuria mbili. Ukuta ya hiyo darasa ni ya mawe, na juu karibu na paa iko na mashimo manne ya kupitisha hewa, ile mafundi wanaita venti, na ukuta ya upande ya mlima iko na ingine manne. Asubuhi nikishaweka mahindi kwa moto, nachukua ungo ya maharagwe, nakaa kwa stuli chini ya hayo mashimo, nachagua mawe. Na hewa ya gredi foo inanishukia kwa kichwa na kila kitu iko ndani: harufu ya sweta hazijakauka, chaki, na maneno.

Nikiwa msichana, ndugu zangu walienda shule, mimi nikaenda kuchuma kahawa. Jioni walikuwa wanarudia masomo kando ya moto, na mimi nawaiga na sauti zao mpaka baba anacheka, anasema, "Huyu angekuwa mwalimu." Anasema tu. Kesho yake ananipatia kikapu.

Sasa kwa ukuta nikajua walimu wote kabla niwajue sura. Mwalimu wa hesabu anaongea kama mtu amewacha maziwa kwa moto: "Mbili-mara-mbili-ni-nne-andika-haraka-nani-anacheka!" Hedimasta anakohoa kwanza, halafu anavuta maneno kama ng'ombe imekataa kuingia boma: "Wana-fuuunzi. Mmmm. Usaaa-fi." Nilikuwa nawaiga nikigawa chakula, na watoto wanamwaga githeri, hayo mahindi na maharagwe yangu, wakicheka.

Lakini yule nilipenda ni mwalimu mwenyewe wa gredi foo, mama mrefu wa kutoka Kianyaga. Huyo kumuiga ni ngumu, kwa sababu hana kelele. Anaongea kama anakupatia kitu kwa mkono. Kila Alhamisi kabla ya mapumziko alikuwa anawasomea hadithi yake, ameandika mwenyewe kwa kitabu ya mazoezi. Msichana amepoteza mbuzi ya babake, njia ya soko ya Doldol, na hawezi rudi nyumbani bila hiyo mbuzi. Anasoma kidogo tu, anafunga. "Haya. Wiki ijayo." Watoto wanalia, "Aaai, mwalimu!" Na mimi huku nje na maharagwe yangu, kwa sauti ya chini, "Aaai, mwalimu."

Nilikuwa nalala na huyo msichana kwa kichwa. Nilikuwa najiuliza amekula nini.

Halafu mwezi wa saba ikafika na baridi yake, ile ukungu inakaa mpaka saa saba mchana na nguo haikauki. Wamama wakaja shule kulalamika, watoto wanakohoa, upepo inaingia hapo juu kama hakuna ukuta. Na sisi watu wa hapa mnatujua. Mtoto wetu anafunikwa. Ata kama jua imepasua mawe, mtoto ako na kofia ya sufi na shuka mbili, na akitoa jasho tunasema ni afya. Hedimasta akaja jikoni, akakohoa. "Mama. Mmmm. Hizo mashimo. Zi-baaa."

Nilikuwa na gunia tupu za mahindi. Nikapanda ngazi, nikaziba manne ya upande yangu, nikazunguka nikaziba manne ya upande ya mlima, nikashindilia na mwiko. Madirisha ilikuwa imefungwa tangu mwezi wa sita. Nikashuka nikiwa najisikia mtu mzuri sana.

Nikakaa kwa stuli. Kimya. Ni kama mtu amefunika sufuria. Nikaangalia juu, nikaona gunia zangu mwenyewe zinaniangalia.

Alhamisi ikapita. Alhamisi ingine ikapita. Msichana na mbuzi wakaenda bila mimi.

Na huko ndani, watoto wakaanza kulala. Saa tatu ya asubuhi, kichwa kwa dawati. Hedimasta akafikiri, akafikiri, akakuja kwangu. "Mama. Githeri yako ni nziii-to. Punguza maharagwe."

Nikamwambia, "Na gredi faivu? Si wanakula sufuria hiyo hiyo? Ama maharagwe yao imesoma zaidi?"

Alienda bila kukohoa.

Kulikuwa na mzazi mmoja, baba ya msichana mmoja wa hapo gredi foo, ni fundi wa kuweka mambo ya hewa kwa mahoteli ya watalii huko Nanyuki. Akaja siku moja mchana, masomo imeisha, na kakitu kadogo kama simu, kanahesabu hewa chafu. Akarudisha ndani watoto wote na mwalimu wao kabla waende nyumbani, akafunga mlango, akangoja. Namba ikapanda, ikapanda. Akatoka nje anapangusa jasho. Huyo anaongea na vidole, kila neno iko na kidole yake.

"Nani aliziba hapa juu?"

Hedimasta akaangalia bati kama ni mara ya kwanza kuona bati.

"Ni mimi," nikasema. "Niliambiwa na sauti fulani."

"Shosho," akaniambia, vile hapa tunaita nyanya, "darasa ni kama jiko yako. Ukifunga mlango na dirisha, nani anakufa kwanza, wewe ama moto?"

"Mimi. Moto ni mkaidi."

Akacheka. Akasema hewa iko na njia kama maji ya shamba: lazima uipatie mahali pa kuingia na mahali pa kutoka, na zilingane. Ukifungua pa kuingia peke yake, inasimama mlangoni. Akatoa gunia zote. Akawasha dawa ya mbu, ile ya kuzunguka, akaishika kwa mashimo ya upande ya mlima. Moshi ikapita juu ya vichwa ya watoto, ikatoka na mashimo yangu, ikanishukia mimi. Na nyuma ya moshi ikakuja sauti: "Watoto, kaeni chini."

Nilikuwa naweza lia, lakini nilikuwa na mwiko kwa mkono.

Fundi akasema, "Imeisha. Mashimo yabaki wazi, hewa inaenda sawa."

Lakini haikuwa imeisha, na ni mimi peke yangu nilijua. Yeye alikuja mchana, moto yangu imezimwa. Asubuhi kuanzia saa nne, upepo inageuka, inapanda kutoka bonde, na moshi ya jiko inaingia na hayo hayo mashimo. Mimi nilikuwa nasogeza stuli tu. Wale wa dawati ya nyuma walikuwa wanapangusa macho, na mimi nasema ni baridi. Kwa miaka nimesema ni baridi.

Sasa nikasimama hapo. Nikinyamaza, mashimo yanabaki na stuli inabaki. Nikisema, kitu itafungwa ama mtu atahama.

Fundi alikuwa anafunga mkoba.

"Kuja kesho saa nne," nikamwambia. "Uone vile moto yangu inafanya."

Akakuja. Akaona. Akapangusa macho. Halafu akasema kuna njia mbili: tuzibe upande huu na simiti, tuweke feni ya kuvuta hewa, ama tuhamishe jiko. Hedimasta akasema tuzibe, feni ni kitu kidogo.

"Na stima ikipotea?" nikamuuliza. Na hapa stima inapotea kama mume. "Walale tena, ukuje uniambie maharagwe? Hamisha jiko."

"Mama, wewe si ulikuwa unapenda hapa?"

"Nani amekwambia napenda? Hamisha."

Wazazi wakajenga jiko ingine huko chini karibu na geti, kwa wikendi moja. Iko na bomba ya moshi mpaka juu. Ni jiko nzuri, siikosoi. Lakini ukikaa hapo unasikia pikipiki na ng'ombe ya jirani.

Nilikuwa nauliza watoto nikiwagawia mchele ya Ijumaa: "Yule msichana, mbuzi alipata?" Mmoja anasema alipata. Mwingine anasema mbuzi ilikuwa imeliwa na fisi. Mwingine anasema, "Shosho, ongeza supu." Mwalimu mwenyewe ningemuuliza, lakini ningemwambia nilijua aje?

Alhamisi moja nikaweka mfuniko, nikachukua ungo, nikapanda mpaka kwa ukuta yangu. Masizi bado iko, nyeusi, na mahali pa mgongo yangu peupe. Nikasimama hapo. Hewa ikanishukia, ile ile, sweta na chaki. Lakini hadithi ilikuwa imeisha zamani. Walikuwa kwa hesabu za sehemu, na siku hiyo ni yule mama wa Kianyaga anawafundisha.

"Robo moja, ongeza robo ingine. Tunapata nini?"

Kimya. Nikangoja. Nikachagua maharagwe tatu. Kimya.

"Nusu," nikasema, kwa sauti ya chini.

Lakini moshi haiko tena na moto haifanyi kelele hapo nyuma, na mashimo ni wazi pande zote mbili.

"Nani amesema nusu?" mwalimu akauliza.

"Ni ukuta, mwalimu!"

Wakacheka wote. Yeye hakucheka. Nikasikia viatu yake inakuja mpaka ukuta ya nyuma, ikasimama.

"Ukuta," akasema, vile tu anasemanga, kama anakupatia kwa mkono, "umejibu vizuri."

Nikashika ungo, maharagwe isipige kelele. Nilikuwa na swali moja, ile ya mbuzi, na mdomo ulikuwa wazi tayari. Lakini mahindi ilikuwa kwa moto huko chini. Nikashuka.