Vigelegele Mbele ya Jaji

Nilikuwepo mwenyewe, benchi la mbele, kwenye mahakama moja ya Fort Worth, huku ughaibuni, inayowatibu waraibu badala ya kuwafunga. Bwana wa bajeti wa serikali alikuja kuamua kama matibabu yaendelee kulipiwa. Yakikatwa, kijana wetu Mrundi anarudi jela.

Jaji akampigia kijana makofi: ameacha unga, akili imetulia. Mama yake akasimama, akapiga vigelegele.

"Mama, kimya!" askari akafoka.

Akamjibu kwa Kiingereza chake alichookota kazini ghalani: "Makofi ni ya mikutano, baba. Mtoto akifufuka, hatupigi makofi."

Jaji akacheka. "Mwache."

Wiki iliyofuata fedha zikapitishwa. Huwa nasimulia kwamba bwana wa bajeti alilia. Machozi nimeyaongeza mimi. Ila siku ile, nje ya mahakama, alijaribu kupiga vigelegele, akashindwa. Hilo naapa.