Siku Mkwe Alipofika Getini

Watu wa Kasekese, anakoishi Mwandu, husema alimaliza maneno yake yote utotoni, akiwapigia kelele ng'ombe wa baba yake njiani kutoka Shinyanga, ndiyo maana ukubwani yamebaki machache. Ana miaka arobaini na saba, elimu yake ni darasa la saba, na kazi yake ni kulinda geti la jengo moja la ofisi za serikali mjini Mpanda. Mgambo alipitia, tena kwa shabaha nzuri. Lakini mwaka huu ilitoka amri kwamba kila mlinzi wa jengo lile apimwe upya, apewe cheti na kitambulisho chenye picha. Asiye na cheti hana mamlaka ya kumgusa mtu wala mfuko wa mtu. Na mlinzi asiye na mamlaka ana kazi gani getini?

Mara ya kwanza Mwandu alianguka. Si kwamba hakujua. Afande Danford, mpimaji, alimuuliza maswali akajibu yote sawasawa, ila kwa sauti ya mtu anayeongea na kifua chake mwenyewe.

"Ungekuwa unamkamata mwizi," Danford alimwambia, "angekuomba urudie."

Mara ya pili ndiyo ya mwisho. Akianguka tena, atarudi kubeba marobota ya tumbaku, na mgongo wake ulishaikataa kazi hiyo zamani. Kwa hiyo mwezi mzima alisoma kijitabu cha mafunzo jioni, mkewe Minza akimsikiliza huku anachambua mchicha.

"Haya, mlinzi anaruhusiwa nini?"

"Kumsimamisha anayeingia. Kumuuliza anakokwenda. Kupekua mzigo. Kumzuia mwenye kosa mpaka polisi wafike."

"Na haruhusiwi nini?"

"Kumpiga mtu. Kumfungia stoo. Kuchukua mali yake."

"Sauti, baba Mabula, sauti! Hata kuku hawajakusikia."

Siku ya kupimwa, Danford alifika saa mbili na nusu, akakaa kwenye benchi la wageni na daftari lake. "Fanya kazi kama sipo," alisema. Mwandu alisimama wima, akapekua mifuko ya wanaume, mwenzake Monika akapekua ya wanawake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka saa tatu na nusu. Monika alikuwa amempandisha mzee mmoja mlemavu ghorofa ya pili, na kwenye foleni, nyuma ya Rehani muuza vitenge, akatokea mama mmoja mrefu mwenye kikapu kichwani.

Mwandu alimjua kwa mwendo tu kabla hajafika. Alikuwa Nyanzala wa Kabungu, mama yake Minza.

Kwa Wasukuma waliolelewa kama Mwandu, mama mkwe ni mtu wa kukwepwa kwa heshima. Humtazami usoni, humpi mkono, hugusi alichobeba. Ukikutana naye njiani unaingia porini, yeye apite. Miaka ishirini na mbili Mwandu ameishi hivyo na hajawahi kukosea. Lakini getini hakuna pori la kuingilia. Akafanya alichoweza. Akageuka ubavu, akainamisha macho chini.

Kwenye benchi, kalamu ya Danford ikaandika kitu.

"Mzee Rehani," Mwandu alisema, "mwambie mama asubiri pale kivulini."

Rehani akageuka nyuma, kisha akamtazama Mwandu. "Mama si huyu hapa, hatua mbili? Mwambie mwenyewe. Au nimekuwa spika ya msikiti?"

"Siwezi. Ni mkwe wangu."

Foleni nzima ikacheka. "Nyie Wasukuma!" Rehani alisema akijipiga paja. "Sasa si umpitishe tu? Mama mkwe atalipua jengo kwa kikapu cha karanga?"

Nyanzala naye hakumwangalia Mwandu. Alimwangalia Rehani. "Baba, mwambie huyo mwenye kofia kwamba nina shauri la mpaka wa shamba. Naitwa saa nne. Nikichelewa, jirani yangu anasikilizwa peke yake."

Mwandu akapiga hesabu. Akimpitisha bila kupekuliwa, cheti kimekwenda. Akipekua kikapu kwa mkono wake, ameivunja heshima ya miaka ishirini na mbili, na hata kijitabu kinakataa, maana mwanamke hupekuliwa na mwanamke. Na saa nne haikuwa mbali. Akatoa simu, akampigia Monika ashuke haraka. Halafu akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mwandu alipaza sauti mbele za watu.

"Hakuna mzigo unaopita hapa bila kupekuliwa! Awe mkwe, awe mkuu! Mama atapekuliwa na mwanamke mwenzake, anakuja sasa hivi, na saa nne itamkuta ndani!"

Kicheko kikakatika. Rehani akafungua mfuko wake mwenyewe bila kuambiwa.

Monika alishuka anahema. Ndani ya kikapu, chini ya karanga, alikuta kisu kirefu cha kukatia miwa. Mwandu, macho yakiwa bado chini, akamwelekeza akiandike kwenye rejista na kumpa mama kibati chenye namba. Nyanzala akaingia, na saa nne ilikuwa bado dakika saba.

Danford akamwita pembeni. "Kisu umekiona. Kwa nini hukukitaifisha?"

"Kuwa na kisu si kosa, afande. Kuingia nacho ndiko kulikokatazwa. Ni mali yake, natunza mpaka atoke."

"Na mlinzi kuinamisha macho getini? Huo ni ulinzi gani?"

"Nilikuwa naangalia miguu, afande. Hakuna anayeingia ofisini bila miguu."

Danford alijaribu kukunja uso, ukamshinda. "Alama tano nakata. Siku nyingine simama mbali kidogo, umkwepe mkwe huku unaona na mikono ya watu."

"Sawa, afande. Kata."

Saa tano Nyanzala alitoka uso umechangamka. Jirani ameambiwa arudishe vigingi alikovitoa. Akarudisha kibati, akachukua kisu chake, kisha akamwambia Monika, kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Mwambie huyo baba, mtu mwingine angenipitisha kwa kunionea aibu, kesho watu wangesema nabebwa. Na hizi karanga kilo mbili ni zake." Akaanza kuzishusha kwenye benchi.

"Monika," Mwandu alisema haraka, "mwambie mama hapa getini sipokei kitu. Azipeleke nyumbani kwa mwanawe."

"Basi nakwenda nyumbani," Nyanzala aliliambia benchi, na akaenda kutafuta bodaboda.

Danford alikuwa amesimama tayari, fomu mkononi. "Andika jina lako hapa, kwa herufi kubwa. Ndivyo litakavyotokea kwenye kitambulisho."

Mwandu aliandika taratibu, akaweka fomu chini ya rejista ili isipeperuke, akarudi kwenye nafasi yake. Foleni ilikuwa na watu tisa.

"Anayefuata!" aliita, na hata mama ntilie wa ng'ambo ya barabara aligeuka kutazama.