Gofu Mbele ya Mama Mkwe

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana mke wangu akiisimulia huongeza chumvi, na haihitaji kuongezwa kitu.

Mwanangu Elia alikuwa amepeleka barua ya posa kwa kina Neema, tukawa tunasubiri jibu. Siku moja baba wa binti, Mzee Lukas, akanipigia simu, katika mazungumzo akaniuliza kama nacheza gofu. Nikajibu, "Nacheza, mkwe." (Sijui nani alinituma.) "Vizuri!" akasema. "Jumamosi tukutane kiwanjani, tufahamiane kabla sijajibu barua."

Wiki nzima nikawa uani kwangu huku Kikuyu, simu nimeiegemeza kwenye ndoo, namtazama mchezaji mmoja wa kulipwa wa huko Ulaya, video ikienda polepole: miguu imepanuliwa, magoti yamelegea, makalio nyuma, macho kwenye kimpira, kiuno kinaanza kuzunguka ndipo mikono inafuata. Nikashika mpini wa jembe, nikazunguka mpaka mke wangu akasema, "Baba Elia, huo mgongo ukikatika sina wa kukubeba." Lakini kusema kweli, kufikia Ijumaa nilikuwa nazunguka vizuri.

Jumamosi nikaenda kiwanjani na Elia, nikapewa fimbo, nikapanua miguu, nikalegeza magoti, na nilipotaka kutoa makalio nyuma nikamwona Mama Neema amesimama nyuma yangu na mwavuli wake. Mama mkwe! Sisi tuliolelewa huku, kumbinulia mkwe makalio ni afadhali uanguke ufe. Nikageuka kidogo. Naye akahama, akarudi nyuma yangu. Nikageuka tena, akahama tena.

"Mkwe, unapima upepo?" akauliza Mzee Lukas.

"Ndiyo, mkwe."

Hatimaye mama akabaki ubavuni, nami kwa furaha ya kuokoka sikuona kwamba nimezunguka kabisa, bendera ya shimo iko kulia, na kushoto, kimpira kinakoelekea, ndiko yaliko magari. Nikazungusha kiuno sawasawa na yule bwana wa kwenye simu. Kimpira kiliruka vizuri mno, kikavunja kioo cha mbele cha gari la Mzee Lukas.

Elia akainamisha kichwa. Nikasema, "Sijawahi kucheza, mkwe. Nilidanganya. Na hapa nilikuwa nakwepa kumbinukia Mama."

Mama Neema akachuchumaa kwa kicheko. "Jamani! Na mimi nilikuwa nakaa nyuma nisitazamane na mkwe usoni!"

Mzee Lukas hakucheka. "Kioo kitapatikana," akasema taratibu. "Ila mkwe, ungesema tu hujui, si ningekufundisha?"

Jibu la posa lilichelewa mwezi mzima. Lilikuja la kukubali, namshukuru Mungu, na leo Neema ananiita baba. Lakini ule mwezi Elia alikuwa anarudi kutoka kazini, ananiamkia shikamoo, anakula kimya, na hakunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu. Tangu hapo, nikiulizwa jambo nisilolijua najibu mapema, silijui, naomba nifundishwe.