Kitana Chenye Radi

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, kwetu jirani na seminari ya Kipalapala, radi ilikuwa na sheria zake. Mawingu yakitanda, Bibi aligeuza kioo ukutani, akatuvua nguo nyekundu na kutufukuza mlangoni. Sasa fikiria kitana chekundu kinachotoa cheche mwezi wa saba, kiangazi kikavu, mbinguni hakuna hata wingu!

Kitana hicho cha plastiki dada yangu Maria aliletewa na mchumba wake, karani wa stesheni ya Tabora. Sisi tulizoea vitana vya mti. Maria alipochana, kililia tatata, na aliposhusha mkono, maganda membamba ya karanga tulizokuwa tukipepeta yaliruka yakanata kwenye kitana. Nilipiga vigelegele. Bibi akasimama.

"Kiweke chini. Hicho kina radi."

"Bibi, ni kitana tu," Maria alisema.

"Kitana gani huita maganda yakaitika? Na aliyekileta ana nia gani na sisi? Ng'ombe wake warudi."

Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Maria alianza kulia, nami nikalia kumsaidia.

Bibi alikuwa mkali, lakini hakuhukumu bila ushahidi. Kwa Wanyamwezi wa zamani, jambo likifichika huulizwa kuku: mganga humpasua na kuyasoma matumbo yake. Ila Bibi alikuwa amebatizwa, na Padri alipita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi. Basi akatafuta njia ya katikati. Kuku angeulizwa, lakini hangepasuliwa.

"Akifa, ng'ombe wanarudi," alisema. "Akipona, tutaona."

Nilitumwa kumkamata. Nilimchagua mtetea mkorofi kuliko wote, maana nilijua yule hafi ovyo. Maria alichana nywele kwa nguvu, kisha akakishusha kitana mgongoni mwa kuku. Vinyoya vyake laini vilisimama wima. Mtetea alipiga ukelele, akaniponyoka, akapindua ungo wa karanga na kurukia paa la jiko. Tukangoja huku tumemkodolea macho. Hatimaye alishuka, akaanza kudonoa karanga zetu bila hata aibu.

Maria alicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Bibi hakucheka.

"Kuku hana nywele," alisema.

Alituamuru turudi nyuma hadi mwisho wa ua. Akavua kilemba, akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho, akachana. Tatata! Vinywele vyake vyeupe vilikifuata kitana. 

"Mayu wee," alisema, "kumbe kinatekenya!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile alichana na kuchana, ikabidi Maria akidai kitana chake. Harusi ilifungwa, na Bibi alicheza kuliko wote.

Baadaye shuleni nilifundishwa kwamba cheche ile ni ya kuogopwa penye petroli, lakini kichwani hutekenya tu. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha kuku, na watu walicheka. Sasa mimi mwenyewe nina wajukuu, na ninachokikumbuka zaidi ni pale Bibi alipotuambia turudi nyuma. Bibi hakuwa akifanya mzaha. Aliamini kabisa kwamba ameshika radi mkononi, na aliona jinsi Maria anavyompenda yule karani. Akaona heri impige yeye kuliko kumvunjia Maria harusi bure.