Ng'ombe Aliyeitika Kwenye Mvua ya Mawe

Nina stashahada ya mifugo, na sioni haya kuitaja. Niliisomea Tanzania nikiwa mtoto wa mkimbizi, nikiuza maandazi ili nilipe karo. Amani iliporudi kwetu nilivuka mpaka wa Kobero kurudi nyumbani na sanduku moja. Nilifungua duka la dawa za mifugo Muyinga, na duka hilo ndilo lililomjengea mama nyumba ya matofali ya kuchoma kwenye kilima chetu, upande wa Makebuko. Hakuna aliyenishika mkono.

Mama alibakiza haja moja tu: ng'ombe. Tulipokimbia vita alinibeba mgongoni. Baba alibaki nyuma na ng'ombe wetu, akasema atatufuata akishawavusha mto. Hakufika, na hakuna aliyewahi kutuambia yaliyompata. Baba alikuwa na desturi yake: mtamba wa kwanza wa ng'ombe mkuu wa boma alirithi jina la mama yake, na akaitwa vile vile, jina kwanza, kisha mluzi mrefu unaoshuka. Mama alinisimulia haya kambini, mahali ambapo hatukuwa na hata mbuzi.

Basi mwezi wa nne nikampeleka soko la ng'ombe, nje kidogo ya Gitega. Nilivaa viatu vya ngozi. Nilifunua midomo nikatazama meno, nikabonyeza viwele, nikatoa hukumu kwa sauti ili watu wasikie.

"Mtanzania," dalali mmoja akanicheka, "unanunua ng'ombe au unamposa?"

"Ningekuwa naposa, kaka, nisingetazama meno."

Watu walikuwa bado wanacheka mbingu ilipofunga. Mvua ya mawe ilishuka kama changarawe inayomwagwa kutoka kwenye lori. Tulikimbilia vibarazani, ng'ombe wakakata kamba, na kwa muda mfupi uwanja wote ukawa mweupe. Mama hakukimbia. Alisimama katikati ya weupe ule, kitenge kichwani, akiwatazama ng'ombe wanavyotawanyika. Kisha akaita. Sijui kama alikusudia. Aliita jina la yule ng'ombe mkuu wa baba, akapiga ule mluzi.

Ng'ombe mmoja mwekundu aligeuka. Alipita katikati ya wenzake, akitelezateleza juu ya barafu, akaja kuweka pua kifuani pa mama.

Nilimtazama meno. Alikuwa kijana. Hakuwa ameliona boma letu. Mtu alikuwa amelitunza jina lile miaka yote, akalirithisha kwake.

Mwenye ng'ombe alifika akihema, kofia imelowa. Tulimfahamu: mzee wa kilima cha pili, tunasali naye kanisa moja.

"Nani amemwita?"

"Mimi," mama alisema.

"Jina lake umelijuaje, mama?"

"Nimebahatisha, mzee. Si jina la kawaida?"

"Si la kawaida."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu mwingine humo. Kisha akasema polepole, "Mkimtaka, mchukueni. Bei semeni nyinyi."

Nilifungua kinywa. Mama akanibana mkono.

"Tutaangalia wengine," akasema.

Tulipofika mbali kidogo nilimwambia, "Mama, yule ni wetu."

"Najua."

"Basi tumuulize amempata wapi. Tumuulize kuhusu baba."

"Wewe utarudi dukani kwako Muyinga. Mimi nitabaki na majirani hawa." Alijifuta uso kwa kitenge. "Ng'ombe yule akilala kwangu, kila asubuhi nikimkamua nitataka kuuliza. Siku moja nitauliza kweli. Naye atanijibu. Baada ya hapo nitaishi wapi, mwanangu? Nirudi kambini?"

Mimi, ambaye sijawahi kushindwa mtihani, nilirudi kutazama meno ya ng'ombe wengine.

Tulinunua ng'ombe mweusi kutoka kwa mtu tusiyemjua. Mama alimshika kamba mwenyewe, akatangulia, mawe yakiyeyuka chini ya ndara zake. Mimi niligeuka. Mzee alikuwa amesimama pale pale na ng'ombe wake, soko likifungwa, ametukazia macho kama mtu anayengoja kuulizwa.

"Twende," mama aliniita bila kutazama nyuma.