Leo Nimemwamkia Mjukuu Wangu

Leo mimi ndiye niliyemwamkia mjukuu wangu. Someni kwanza, ndipo mniseme.

Nimerudi kutoka kupalilia maharage hapa Heru Juu, mgongo wote unauma. Nikamkuta Editha mkekani na rafiki zake wawili. Mbele yao palikuwa na dadu na ramani aliyoichora juu ya boksi la sabuni. Mchezo huo ameutunga likizo nzima. Leo ndipo walipoujaribu.

"Bibi, mwenzetu anaumwa. Tusaidie, uwe mchunga mbuzi."

Nikakubali, ili nipate kukaa tu.

Kila mchezaji huigiza mtu wake. Kijiji chetu kilikuwa na njaa, tukaenda kwa Mwami, yaani mfalme, kuomba mbegu. Mwami ni Editha.

Akaninyamazia. Nami nikamnyamazia. Mimi ni mtu mzima, huamkiwa.

Rafiki yake akaninong'oneza, "Bibi, msalimie! Mlinzi wa Mwami ameshainua mkuki. Ukifa, mchezo umekwisha."

"Mdogo ndiye huamkia," nikasema.

"Ndivyo ulivyonifundisha," Editha akajibu, bila kucheka. "Na hapa, Bibi, mdogo ni wewe."

Vidole vyake viliibana dadu. Nikaona anaogopa kwamba mchezo wake utavunjikia kwangu.

Nikapiga magoti, nikapiga makofi polepole, kama tulivyowaamkia wakubwa zamani.

Mbegu tumezipata.

Wazee wenzangu wa Kasulu, ninyi mngekiacha kijiji kife njaa?

Sasa hivi ameniletea uji. "Shikamoo, Bibi."

Kwa uchovu nilionao, mikono imeanza kupiga makofi kabla sijaitikia.