Mikate ya Koko wa Isangi

Tantine Alphonsine, dada mkubwa wa papa yangu, alikuwa anakaanga mikate midogo ya mafuta pale gare ya Lubunga, na wasafiri wa treni walimjua kwa jina. Mama yake tu, koko yetu wa Isangi, hakuwahi kuionja. Tantine akiwa msichana alikimbia mume aliyechaguliwa, na koko akaapa: chakula cha mkono wake hatakula tena.

Halafu, likizo kubwa ya 1956, muuza samaki mmoja akaleta habari. "Koko iko mugonjwa. Anasema: Alphonsine alete ile mikate yake, nionje."

Tantine alikaa chini palepale, karibu na mafuta ya moto, akalia huku anacheka.

Papa hakupata ruhusa kazini, donc tulishuka mto mimi na tantine, ndani ya mtumbwi wa Tonton Évariste, jirani yetu. Sikuwahi kutoka Kisangani. Nilitaka kuona kila kitu: visiwa, ndege weupe, majani yanayoelea na maua yake. Nilisimama kila mara.

"Weye mutoto wa shule ya masista, kaa chini!" Tonton alisema. "Utaanguka mu mayi, samaki zijifunze Kifaransa."

Tulilala Yanonge. Asubuhi tantine akakaanga hukohuko, kwa sababu koko hana tena meno, na mikate iliyolala inakuwa migumu. Akaifunika kwa majani ya ndizi, akaniwekea kikapu mapajani. "Shika kama mutoto muchanga."

Jua lilipopanda, lokole ikaanza kulia ng'ambo, ile ngoma ya mti inayopeleka habari kijiji kwa kijiji. Mimi nimezaliwa mjini, lugha yake siijui. Nilisikia uzuri tu: sauti nene, sauti nyembamba, zinafuatana, zinarudia. Nikapiga makofi, nikatikisa mabega.

"Tantine, hii iko ya fête, ya kucheza?"

Tonton aliacha kupiga kafi. Tantine alikuwa anatazama maji.

"Piga makofi, mama," akaniambia polepole. "Endelea kupiga."

Nikaendelea mpaka ngoma ikanyamaza. Tonton alipiga kafi polepole, tantine akainamisha kichwa, mpaka Isangi. Nilidhani wamechoka.

Kule ukingoni wanawake walikuwa wamekaa chini, nywele zimefunguliwa, wanamlilia koko. Nilielewa hapo, kikapu mikononi.

"Ulisikia jina yake mu lokole?" nilimuuliza tantine.

"Nilisikia. Jina yake yote, mpaka ya baba yake."

"Na uliniacha nicheze?"

"Weye hukumujua. Ulimusalimia vile uliweza."

Alichukua kikapu, akakiweka karibu na kichwa cha koko, akakaa naye mpaka jioni. Mikate yake mwenyewe tantine hakuwa anaila kamwe. Alisema ni ya kuuza. Siku ile alimega mmoja, akautafuna polepole, polepole sana, kama mtu asiye na meno.